F-5E ya 1/48: mwili umekubali vipimo, silaha zimekataa. Naomba msaada

Binti Kisauni aliandika:

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi wa meno bandia hapa Mombasa, na mwezi wa tano huu kila nikitoka kazini nakaa mezani na modeli ya ndege ya kivita F-5E ya kipimo cha 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe. Niliishi Nanyuki hadi darasa la sita kwa sababu baba alikuwa anafundisha huko, na ndege hizi zilipita juu ya paa la shule mpaka mwalimu ananyamaza, anasubiri, halafu anaendelea na somo. Ndiyo maana nataka kuijenga hii na si nyingine, na nataka iwe sahihi.

Mwili sina shida nao. Ndege yenyewe ina urefu wa mita 14.45 na mabawa ya mita 8.13. Yangu inasoma milimita 301 na 169, kwa hiyo imekubali. Kiuno, pale mwili unapobana katikati, nacho kimekaa vizuri, nilikipiga msasa taratibu nisije nikakinyoosha. Puani nimetia chubwi tatu za wavuvi kabla ya kufunga, haikalii mkia.

Shida ni silaha. Mapezi ya makombora ya Sidewinder yametoka manene, kalipa yangu ya kazini inasoma milimita 0.6. Mabomu manne ya Mk 82 nimeyagandisha chini ya bawa, lakini nikiyatazama naona kama uvimbe ulioota pale, hayaonekani kama kitu kilichoning'inizwa. Tena dekali, zile alama za kubandika, zimekuja na mikanda ya manjano, ya kahawia na ya buluu, na karatasi ya maelekezo haisemi upi unakwenda wapi. Nimeweka yote. Picha ya boksi inaonyesha makombora mawili, mabomu manne na tangi la mafuta tumboni, nami nimefuata.

Je, nibandue nianze upya, au ndivyo zinavyokuwa katika udogo huu?

---

Kaka wa Ukonga aliandika:

Dada, bandua. Supagluu ikikaa wiki mbili itakuwa vita, lakini ukitia usiku mmoja kwenye friji ya barafu inakuwa kavu na kuvunjika yenyewe ukiisukuma kwa kucha.

Mimi hapa Dar najenga MiG-21, ndege ya kivita ya Warusi, kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo sisi wakati wa vita vya Kagera, na shida ya mapezi ni ileile. Tena ni ileile kwa sababu ya kweli kabisa: kombora la K-13 la Warusi ni mtoto wa Sidewinder. Tarehe 24 Septemba 1958, kwenye mlangobahari wa Taiwan, Sidewinder moja ilimchoma MiG-17 wa China ikakwama mwilini bila kulipuka. Ndege ikarudi nayo nyumbani. Wachina wakawapa Warusi, Warusi wakaifungua, wakaiga. Ndiyo maana kipenyo cha K-13 ni milimita 127, sawa na Sidewinder, na mbinu moja inatuhudumia wote.

Mapezi kata kwenye mkebe wa soda. Upige mkebe msasa kwanza rangi itoke, vinginevyo rangi yako haitashika. Kata kwa kisu kipya na rula ya chuma, usitumie mkasi, mkasi unakunja kingo.

---

Mzee Spana aliandika:

Binti, nimesoma swali lako mara mbili. Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege ndogo pale uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa miaka 31, sasa nimestaafu, na modeli najenga tangu mwanangu wa kwanza alipokuwa anatambaa. Sikuwahi kuwa mwanajeshi, kwa hiyo sitakueleza mambo ya kambini. Nitakueleza namna fundi anavyoitazama ndege.

Ulipopima mwili ulifanya hesabu ya kugawanya: mita 14.45 kwa 48. Vizuri. Kwa silaha fanya ya kuzidisha. Chukua kila ulichopima mezani, zidisha kwa 48, kisha jiulize ungekishika mkononi kingekuwa kitu gani. Pezi lako la milimita 0.6 linakuwa karibu milimita 29. Huo ni unene wa ubao wa meza. Hakuna kombora duniani lililofungwa ubao wa meza ubavuni likaruka. Mkebe wa soda una unene wa kama milimita 0.1, ukizidisha unapata milimita 5 hivi, na hicho ni kipande cha chuma ambacho fundi anaweza kukiamini. Kaka wa Ukonga amekuambia kweli.

Hesabu hiyohiyo ipeleke kwenye viungo vya mabati ya mwili. Watu wanavichimba kwa sindano mpaka milimita 0.2, halafu wanajaza rangi nyeusi. Zidisha: karibu sentimita moja. Ndege yenye ufa wa sentimita moja kila bati linapokutana na jirani yake mimi nisingeitia saini iruke. Kwenye ndege nzima yenye afya, ukisimama hatua kumi huoni viungo vingi. Unaona vile vinavyofunguliwa kila siku tu, kwa sababu vidole vya mafundi vina grisi. Kwenye F-5E hiyo ni milango ya mizinga puani, ile miwili ya M39A2 ya milimita 20, kila mmoja na risasi zake 280, na milango ya chini ya injini. Hapo tia uchafu. Kwingine acha.

Sasa Sidewinder. Kipenyo milimita 127, ukigawanya kwa 48 unapata 2.65. Mimi mwili nautengeneza kwa kijiti cha pamba za masikio, kile cha plastiki. Nilivyopima vyangu vilikuwa milimita 2.5, na rangi ikishakaa vinafika 2.6. Upungufu uliobaki kwenye kombora lenyewe ni milimita mbili tatu, na hilo halinikoseshi usingizi. Urefu unategemea aina: AIM-9B ni mita 2.83, yaani milimita 59 mezani kwako. AIM-9P ni mita 3.07, yaani milimita 64. Tazama mapezi ya mbele kabla hujakata. Ya AIM-9B ni pembetatu tupu. Ya AIM-9J na P yana kona mbili na ncha iliyokatwa. Watu wengi wanachukua kombora la aina moja na kuliita jina la jingine kwa sababu ya hayo mapezi manne tu.

Kwenye mapezi ya nyuma, pale kona ya nje upande wa mkiani, kuna kijigurudumu chenye meno. Kinaitwa roleroni. Upepo unakizungusha kwa kasi sana, na kinapozunguka kinakuwa kama pia ya mtoto: ukitaka kuilaza inakataa. Kombora likianza kujibiringisha, pia hiyo inasukuma kipande cha pezi kinachocheza na kulituliza. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, ni kijigurudumu na upepo. Mimi nikikaa na kitu hicho mkononi, hata cha plastiki, namheshimu aliyekifikiria. Katika 1/48 hutaweza kukata meno yake, lakini ukigonga duara dogo kwa ncha ya sindano butu kila kona, na tone la rangi ya chuma, jicho linajua kuna kitu pale.

Kwenye pua kuna kioo, ndilo jicho la kombora. Usikipake rangi nyeusi. Paka fedha, acha ikauke, kisha weka tone la vanishi ya kucha isiyo na rangi na uliache lijiviringe lenyewe huku kombora likiwa limesimama wima kwenye kipande cha ndala kuukuu.

Mikanda. Hii ni lugha, na ukiweka yote umesema maneno yanayopingana. Kwa Wamarekani, manjano maana yake ndani kuna mlipuko wa kweli. Kahawia maana yake kuna injini ya roketi, au baruti inayoungua polepole. Buluu maana yake ni ya mazoezi, haina madhara. Kwa hiyo Sidewinder ya vita ina mkanda wa manjano mbele, palipo na kichwa cha mlipuko, na wa kahawia nyuma yake kwenye sehemu ya roketi. Ya buluu ni ile rubani anayobeba kila siku kujifunza kulenga, haifyatuki, anarudi nayo nyumbani. Ukitaka kombora la buluu ni sahihi kabisa, ndege nyingi wakati wa amani hubeba hilo. Ila usichanganye buluu na manjano kwenye mwili mmoja. Fundi akikuta kitu kama hicho anasimamisha kazi na kuita watu.

Mkanda wa bomu la Mk 82 una upana wa inchi tatu, yaani milimita 76. Mezani kwako ni 1.6. Pima ule wa dekali zako, nina hakika utakuta 2.5 au zaidi, maana viwanda hupenda uonekane.

Nimalizie na mabomu, kwa kuwa hapo ndipo jicho lako limekuambia kweli kabla hujajua sababu. Bomu haligandi kwenye bawa. Mgongoni lina pete mbili za chuma zilizoachana inchi 14, milimita 356, na pete hizo ndizo zinazoshikwa na ndoano ndani ya pailoni, ule mkono wa chini ya bawa unaobeba silaha. Halafu kila upande kuna mikono midogo yenye skrubu inayoteremka na kulibana bomu lisiyumbe. Ukitazama kwa ubavu, kati ya bomu na pailoni unaona mwanga. Mwanga huo ndio unaokosekana kwako. Mk 82 ina uzito wa kilo 227 hivi; kitu cha uzito huo kinaning'inia, na kinatakiwa kionekane kinaning'inia.

Kwa hiyo: bandua mabomu, toboa mashimo mawili mgongoni yaliyoachana milimita 7.4, tia pete za waya, lishike kwa waya hizo na uache nafasi ya milimita moja kasoro. Wewe ni fundi wa meno. Waya mwembamba wa kunyooshea meno unao, na mkono wa kuupinda unao kuliko sisi wote humu.

---

Rubani wa Plastiki aliandika:

Salamu kutoka Leicester, Uingereza. Mzee ameeleza vizuri, lakini jamani, mbona tunamtesa dada? Kampuni za modeli zipo: Hasegawa wana seti za silaha tupu, Eduard nao wana za rezini ambazo mapezi yake ni membamba kiasi cha kuogopa kuyagusa. Mwagize mtu wa kwenu akuletee, zinakaa kwenye bahasha. Mimi niliacha kutengeneza makombora kwa mkono miaka mingi, muda huo nautumia kwenye chumba cha rubani.

Ila swali la nne la dada hamkulijibu: ibebe nini? Mimi naona hilo ndilo kubwa. Picha ya boksi imechorwa na mchoraji wa biashara.

---

Mzee Spana aliandika:

Ndugu yangu wa Leicester, za kununua ni nzuri na sina ugomvi nazo. Lakini gharama ya posta na ushuru hadi Mombasa inaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe, na huyu binti ana maabara nzima mikononi. Tuheshimu alichonacho.

Kuhusu mzigo, umesema kweli, nililiruka. Binti, kabla hujachagua silaha chagua tarehe. F-5E za kwanza zilikuja Kenya mwaka 1978. Tarehe 1 Agosti 1982 walioasi waliwalazimisha marubani wa Nanyuki waruke na mabomu wakapige Nairobi, na marubani hao wakayaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya. Baada ya hapo jeshi la anga lilibadilishwa hata jina kwa miaka kadhaa. Baadaye Kenya ikanunua F-5 zaidi zilizowahi kutumika Jordan, na Oktoba 2011 jeshi letu lilipoingia Somalia ndege hizi zilikuwa kazini. Hizo ni ndege za nyakati tofauti, na mafundi tofauti wamezipaka rangi kwa maagizo tofauti. Ukipaka rangi za picha ya zamani ukatundika mzigo wa picha ya juzi, umejenga ndege ambayo haikuwahi kuwapo siku yoyote.

Tafuta picha moja. Ndege moja, siku moja. Jenga hiyo, hata kama haina kitu chini ya mabawa. Reli za makombora kwenye ncha za mabawa utaziacha, maana F-5E ina reli hizo hata ikiwa mikono mitupu, na watu wengi hufikiri wakiondoa kombora waondoe na reli.

Tena amua ndege yako iko katika dakika gani. Mguu wa mbele wa F-5E una nafasi mbili. Kabla ya kuruka unarefushwa na pua inainuka digrii tatu na kitu, ili mbawa zishike hewa mapema. Ukiurefusha kwa ajili ya kuruka, basi riboni nyekundu za tahadhari kwenye makombora na mabomu zisiwepo, zimeshatolewa. Ukiziacha riboni, ndege imeegeshwa na kuna mtu anatembea chini yake.

---

Kaka wa Ukonga aliandika:

Hili la dakika limenigusa, Mzee. MiG yangu ina riboni na rubani amekaa ndani na kofia, kioo kimefungwa. Leo usiku namtoa.

---

Binti Kisauni aliandika:

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote.

Nimetia kwenye friji usiku wa Jumatano, asubuhi mabomu matatu yameachia bila kuleta ubishi, la nne limeondoka na kipande cha rangi ya bawa. Nimepima mkanda wa dekali: milimita 2.8. Nimezidisha, nikapata sentimita 13. Nimechora wangu kwa kupaka manjano kwenye dekali tupu na kukata 1.6 kwa wembe wa kazini.

Kazi ya pete ilichukua dakika kumi kwa kila bomu. Nimetumia waya wa milimita 0.3 na koleo ninalopindia kulabu za meno. Nilipolitundika la kwanza nikainama hadi jicho likawa sawa na meza, nikaona mwanga. Nimemwita dada yangu aje aone, na yeye ambaye hajali mambo haya kabisa amesema, "Hilo sasa linaweza kuanguka."

Kuhusu makombora nimefikiri hivi, mniambie kama nakosea. Nitatengeneza mwili mmoja tu wa AIM-9P, milimita 64, nitie mistari yote na sehemu ya kichwa vizuri. Kisha nichukue moldi ya silikoni kama ninavyofanya kwa meno, nimwage akriliki. Mapezi nitakata ya mkebe, nane kwa kila kombora, na nimechora kiolezo kwenye karatasi ya grafu. Wasiwasi wangu ni kwamba akriliki ya meno hunywea kidogo inapokauka. Ile ninayotumia mimi, kwa kitu chembamba kama hiki, nimezoea kuona ikipungua.

---

Mzee Spana aliandika:

Marahaba mwanangu.

Kama inanywea, anza na mwili mnene kidogo. Mwaga mmoja wa majaribio, upime kesho yake, ndipo uamue mwili wa kwanza uwe na kipenyo gani. Kama unapungua kutoka 2.70 hadi 2.65, umepata. Na mwagia ndani yake kipande cha waya wako katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho, usijipinde ukikaa juani.

Mifereji ya mapezi usiichonge kwenye moldi. Chonga baadaye, kwa kila kombora, ukiwa umelilaza kwenye kipande cha mbao chenye mfereji wa pembe ya V. Mapezi ya mbele na ya nyuma yako kwenye mstari mmoja, na kombora likiwa kwenye reli yake mapezi yanakaa kama alama ya X, si ya kujumlisha. Angalia hilo kabla gundi haijashika.

Umeshapata picha ya ndege?

---

Binti Kisauni aliandika:

Nimepata. Baba alikuwa na moja kwenye albamu, aliipiga siku ya maonyesho, wanafunzi wake wamesimama mbele ya ndege kwa mistari miwili. Ina Sidewinder moja tu, ncha ya bawa la kushoto, na mkanda wake ni wa buluu. Upande wa kulia ni reli tupu. Chini ya mabawa hakuna kitu, tumboni kuna tangi.

Kwa hiyo mabomu yote manne niliyotia pete naweka kwenye kisanduku, na kombora nahitaji moja tu. Nimeanza kuchonga mwili wa kwanza, unasoma 2.71.